Qambar Mkia wa Jani

Qambar mwana wa Sakhidad alipewa jina la Mkia wa Jani angali kijana, na jina likamganda mpaka ndevu zikawa nyeupe. Alijitakia mwenyewe. Kiangazi kimoja, kabla ya vita, mwalimu wa chuo kutoka Kabul alikuja kwetu Siyaqol na masanduku ya kukaushia mimea, akamchukua Qambar ambebee mizigo na kumwonyesha njia. Walizunguka milimani siku arobaini. Vijana wengine waliowahi kubeba mizigo ya wageni walirudi na saa, au kisu cha kukunja, au walau viatu. Qambar alirudi na neno moja.

Neno lenyewe lilikuwa dumbarg, mkia wa jani, yaani kikonyo: kile kinacholishikilia jani kwenye shina lake. Mwalimu alimweleza kwamba rawash tunayoila kila masika tangu enzi za babu zetu, ile nyekundu chini na kijani juu, chachu ya kukunja uso, si shina hata kidogo, ingawa ni nene kama kifundo cha mkono wa mtoto. Ni kikonyo. Shina la rawash ni fupi na limejificha ardhini. Alama ni mbili. Juu ya kila kikonyo kuna jani moja tu, halizidi. Na chini, pale kinapoungana na shina, kimetanuka kama ala ya kisu, na kwapani mwake amelala mtoto wa mwakani, chipukizi la msimu ujao. Ndiyo maana hakikatwi. Unakishika chini kabisa, unakipinda kidogo, unakivuta, nacho kinatoka kizima na ala yake na kuacha kidonda chenye majimaji. Ukikikata kwa kisu, kisiki kinaoza, na yule mtoto anaoza pamoja nacho.

Mtu mwingine angelisikia hilo, akasema ahsante, akaendelea kula. Qambar alilifanya dini. Ukisema mbele yake "nipe shina moja la rawash," atakukatiza, hata kama ni arusini, hata kama ni msibani na watu wamekaa na majonzi yao. Atakueleza ala, atakueleza kwapa, atakuuliza umewahi kuona shina lenye jani moja. Bakhtawar, mjane wa ng'ambo ya kijito, mwanamke mwenye ulimi usio na likizo, ndiye aliyempa jina.

"Ficheni mashina yenu," alikuwa akisema kila Qambar anapoingia mahali. "Mkia wa Jani huyo anakuja."

Na kwa kumkomoa zaidi, kila masika alihakikisha anapita karibu naye na mundu, anakata rawash mbele ya macho yake, kwata, kwata, huku anamtazama.

Lakini neno lile halikuwa la bure. Watu wetu walijua siku zote kwamba rawash iliyoota chini ya mawe ni ndefu na laini kuliko iliyopigwa jua. Walijua tu, bila kuuliza kwa nini. Qambar aliuliza. Alisema kazi ya kikonyo ni kulipeleka jani kwenye mwanga, basi ukilifunika, kikonyo kitajinyoosha kuutafuta mwanga huo mpaka kichoke. Akaacha kurundika mawe ovyo kama wenzake. Yeye alijenga. Theluji ikianza tu kuondoka, alizungushia kila kichwa cha mmea mawe bapa, akayapandisha mpaka magotini, katikati akaacha uwazi mwembamba kama wa bomba la moshi. Baada ya wiki tano alitoa vikonyo virefu kama mkono wa mtu mzima, vyeupe vyenye haya ya wekundu, unavikunja havina nyuzi. Wenye malori ya sokoni walimuulizia yeye kwanza. Mgongo wa mlima juu ya kijiji ukajaa marundo yake thelathini na zaidi, na yeye katikati yake akawa mchoyo wa kupindukia, sitamficha.

Vita vilipokuja, askari walipanda mlimani na kutega mabomu ya ardhini kwenye nusu ya juu ya mteremko. Walipoondoka hawakuacha ramani. Mlima ulituchukulia watu wawili na mbuzi wasio na idadi kabla hatujaupa kisogo kabisa. Miaka ikapita, wakaja vijana wa kutegua, wamevaa kinga za buluu, wakasafisha kwa kupiga magoti, shubiri kwa shubiri, viangazi viwili. Walipofika katikati wakaitwa kwingine. Waliacha mstari wa mawe kutoka kwenye mwamba mkubwa mpaka kwenye korongo, kila jiwe limepakwa rangi mbili: nyekundu upande wa juu kwenye hatari, nyeupe upande wa chini kwenye amani. Wakasema watarudi, na tulikuwa tungali tunawangoja.

Chini ya mstari tulirudi kuchuma. Juu ya mstari hapakuwa na mkono uliogusa kitu kwa miaka mingi, na rawash ilikuwa imestawi kule kama zulia. Ungesimama chini ukaitazama, ukameza mate.

Sasa Qambar, badala ya kushukuru, akaifanya hofu ile kuwa ukuta wa shamba lake. Mtu akikaribia marundo yake tu, anapiga kelele: hapo si salama, hapo hawakumaliza, mimi nilikuwepo niliona. Watu walimwamini mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili walimwona mwenyewe amekaa palepale pasipo salama, anakunywa chai.

Haya yote kijiji kizima kiliyajua. Ambacho hatukukijua ni kwamba Qambar alikuwa haoni.

Mtoto wa jicho alimwingia taratibu, jicho la kulia kwanza, kisha la kushoto likafuata. Ikawa kama anautazama ulimwengu kupitia kitambaa cha kuchujia maziwa. Mwanga aliuona, na kivuli cha kitu kikubwa, lakini rangi zote zilikuwa moja. Alificha kwa ustadi ambao ungemstahilia mwizi. Watu aliwajua kwa sauti na kwa kikohozi. Njia aliihesabu kwa nyayo. Chai aliimimina akiwa amechovya ncha ya kidole kikombeni. Mkwewe Zewar, mke wa mwanawe Iwaz, alikuwa akimwekea viatu mahali palepale kila jioni na hakuwahi kusema kwa nini, na Qambar hakuwahi kumuuliza.

Sababu ya kuficha ilikuwa Iwaz. Alikuwa Kabul, anachanganya zege kwenye majengo, analala chumba kimoja na wenzake watatu. Alikuwa amemwambia, "Baba, siku utakayoshindwa na mlima, unakuja kwangu. Sitaki kusikia umeanguka korongoni." Alisema kwa mapenzi. Lakini Qambar alisikia hukumu. Alijiona amekaa juu ya godoro la mtu, ndani ya kuta za watu, akisikiliza honi za magari mpaka afe. Kuhusu madaktari wa macho, alijiambia kwamba atakayekwenda Kabul kutibiwa hatarudishwa. Basi akauma meno, akaendelea kupanda mlima.

Masika ya mwaka ninaousimulia, maji ya theluji yalishuka kwa fujo na kuyazoa mawe yake mengi mpaka korongoni. Vichwa vya rawash vilikuwa vimeshaanza kupasua udongo na siku zilikuwa zinakwenda. Alipanda peke yake, kiunoni gunia la kubebea, akatafuta mawe kwa mikono na kwa nyayo, kila siku juu zaidi kidogo. Siku moja mguu wake ukagonga mawe yaliyolala mstari mmoja. Yalikuwa bapa, yametoshana, kama yamechaguliwa. Alifurahi. Aliona ni msingi wa ukuta wa zamani wa baba yake, ambao ulikuwa huko juu na aliukumbuka. Siku nne aliyabeba. Ukungu ulikuwa umetanda na hakuna mtu aliyemwona, na hata angeonekana, nani angejiuliza? Qambar kubeba mawe ilikuwa habari ya kila mwaka.

Wiki tano baadaye, asubuhi, alipanda na Zewar kufungua marundo ya kwanza. Ilikuwa siku ambayo wanawake wa kijiji nao hupanda kuchuma, wakishamaliza kuoka mikate. Jua lilikuwa limetoka na kaupepo kalikuwa kanashuka kutoka kwenye theluji ya juu.

Zewar aliondoa mawe mawili, akasimama.

"Baba, jiwe hili lina rangi."

"Mawe yana rangi, mwanangu. Hata wewe una rangi."

"Lina nyekundu huku na nyeupe huku."

Qambar akasema kwa sauti ya mtu anayejua, "Ni yale waliyoyaacha vijana wa kutegua. Yalibaki."

"Hayakubaki." Zewar alikuwa anaondoa mengine, mikono inamwenda mbio. "Na hili. Na hili pia, limegeuzwa kifudifudi. Baba, rundo zima ni mawe ya mpaka."

Alimshika mkono akauweka juu ya jiwe. Qambar akapapasa. Upande mmoja ulikuwa mkavu na wa kukwaruza, mwingine una utelezi wa rangi iliyokauka, unabanduka kidogo kwenye kucha. Siku nne zote alikuwa amevaa glavu za sufu. Alielewa mara moja jambo lote, tangu mwanzo wake hadi mwisho, na kwa muda alitamani mlima umfunike.

"Tazama juu," alisema. "Mstari uko?"

Zewar akatazama. "Kutoka kwenye mwamba, mawe machache. Halafu hakuna. Hakuna kitu mpaka korongoni."

"Wanawake wako wapi?"

Hakuwa na haja ya kujibiwa. Sauti zilikuwa zimeshaanza kusikika, vicheko na mtu akimwita mwenzake, na hazikutoka chini zilikopaswa kutoka. Zilitoka kushoto, juu. Kwa sababu ya mdomo wake wanawake walikuwa wameacha njia inayopita shambani kwake. Siku hizi walifuata korongo, wakatokea juu ya marundo, sambamba na pale palipokuwa na mstari.

"Simameni!" alipiga kelele. "Rudini nyuma! Mabomu!"

Kicheko kilichomjibu kilikuwa kirefu.

"Ameamka!" mmoja alisema.

"Mwacheni, ni sala yake ya asubuhi."

Na juu ya sauti hizo, mbali zaidi kuliko alivyoogopa, sauti ya Bakhtawar: "Mkia wa Jani! Kila mwaka mabomu yako yanashuka hatua mbili! Mwakani yatafika tanurini kwangu, nitashindwa kuoka!"

Zewar alinyanyua jiwe juu ya kichwa, akapaza sauti, "Ni kweli! Mawe ya mpaka yako hapa kwetu! Mama Bakhtawar, uko ndani ya mabomu!"

"Maskini, amekufundisha na wewe," alisema yule wa kwanza.

Qambar alianza kupanda kuwaelekea. Aliliparamia rundo lake mwenyewe kama mlevi, akaanguka, mawe yakamporomokea miguuni. Kicheko kilianza tena, kisha kikapungua, maana hakuna aliyewahi kumwona Qambar akijikwaa kwenye mlima ule. Aliinuka, goti linavuja damu. Alijua la kusema, na alijua akishalisema halirudi.

"Bakhtawar!" aliita. "Umevaa shela la rangi gani?"

"Nini?"

"Shela lako ni la rangi gani? Niulize mimi. Sijui! Sijui kama ni wewe umesimama hapo au ni mbuzi. Mwaka wa pili huu sioni. Nimekuwa nawadanganya wote. Mawe ya mpaka nimeyabeba mimi, nilidhani ni ukuta wa baba yangu, nimeyajengea marundo. Mimi ni kipofu, jamani. Kipofu! Simameni hapo hapo mlipo!"

Mtoto wa mtu akaanza kulia na mama yake akamziba mdomo. Wanawake walikuwa wamebaki kama wamepigwa misumari. Wengi wao walikuwa bado mlangoni mwa korongo, juu ya jiwe tupu. Walirudi nyuma mmoja mmoja, wameshikana nguo. Aliyebaki ni Bakhtawar tu. Yeye alikuwa wa kwanza kufika kila mahali, na alipoona zulia lile halina mstari alijua Mungu amemfungulia. Alikuwa ndani hatua arobaini hivi, rawash imemjaa mikononi.

"Qambar," alisema. Hakuwa amemwita kwa jina lake kwa zaidi ya miaka thelathini. "Unasema kweli?"

"Kweli."

"Basi nifanyeje?"

"Usisogee. Usikae chini. Usiweke hata mzigo."

Zewar alimshika Qambar mkono wakapanda mpaka mahali palipokuwa na alama za hakika, chini ya mwamba. Qambar alijaribu kufikiri. Ardhi kule ni changarawe tupu, haiweki unyayo. Vijana wa kutegua walikuwa safari ya siku mbili, na Bakhtawar asingeweza kusimama vile mpaka waje. Njia moja tu ilikuwa salama, ile aliyoingilia.

"Nayaona majani niliyotupa," alisema Bakhtawar. Kila mchumaji huling'oa jani na kulitupa papo hapo, maana jani la rawash ni sumu, tunabeba kikonyo tu. "Nitayafuata."

"Hapana! Upepo. Zewar, majani yametulia?"

"Yanavingirika, Baba. Mengine yamefika huku chini."

"Usiyafuate majani, Bakhtawar. Jani likishaachana na kikonyo chake halina kwao. Tafuta vidonda. Mmea wa mwisho uliouchuma uko wapi?"

"Mbele ya miguu yangu."

"Huo acha. Wa kabla yake?"

"Mimea iko mingi, yote inafanana!"

"Haifanani. Uliouvuta leo una kidonda, pale ala ilipobandukia. Kina maji, kinang'aa juani. Umevuta au umekata?"

Bakhtawar aliutazama mzigo mikononi mwake.

"Bakhtawar! Kama umekata kwa mundu, alama ni nyingine. Usinidanganye leo."

"Nimevuta!" alipiga kelele, na sauti ikampasuka. "Mungu shahidi wangu, nimevuta! Sikati mimi. Nilikuwa nakata mbele yako tu, nikutie hasira!"

Hapo mwanamke mmoja korongoni alicheka, kicheko cha woga, akaanza kulia papo hapo. Miaka yote hiyo Qambar alikuwa amemhesabu kuwa mharibifu.

"Vizuri," alisema polepole. "Tafuta kinachong'aa."

"Nakiona. Kiko hatua mbili, kushoto."

"Ulipovuta ulisimama upande gani?"

"Sijui. Nani anakumbuka anaposimama?"

"Kidonda kinakumbuka. Ala inapobanduka inachana ngozi kumwelekea anayevuta. Mchaniko umeelekea wapi?"

"Chini. Kijijini."

"Basi ulisimama hapo ulikoelekea mchaniko. Weka mguu hapo, wote, usiuburute."

Aliuweka. Watu wote walivuta pumzi na hakuna kilichotokea. Wakaenda hivyo, kidonda kwa kidonda, mmoja akiona na mwingine akijua. Mara mbili Bakhtawar aliona kung'aa ambako kulikuwa kwa umande tu, na mara zote mbili Qambar alimuuliza mchaniko uko wapi, akakuta hakuna. Mzigo hakuuachia. Jasho lilikuwa likimtiririka machoni na hakuwa na mkono wa kulifuta. Zewar alikuwa anamwambia baba mkwe wake kwa sauti ya chini: ameinua mguu, ameweka, amesimama, bado kumi na mbili, bado tisa.

Zilipobaki hatua sita, Bakhtawar alikwama.

"Hakuna tena," alisema. "Hapa pana mimea mitatu, hakuna hata mmoja wenye kidonda. Unaong'aa uko kule mbele, mbali. Nilipitaje hapa katikati?"

Qambar alifungua mdomo. Wanawake wote walikuwa wanamtazama, hilo aliweza kulihisi bila macho. Mtu aliyekuwa na jibu la kila kikonyo tangu ujana wake.

"Sijui," alisema.

"Husemi kitu kingine?"

"Sijui, Bakhtawar. Ulitembea tu. Hapo hapakuacha alama. Naomba unisamehe, sijui."

Midomo ya Bakhtawar ilikuwa inacheza, labda alikuwa anasali, labda alikuwa anamtukana. Kisha akasema, kama anajisemea, "Nilikuwa na haraka. Mtu mwenye haraka huenda moja kwa moja." Akaenda moja kwa moja, hatua nne, macho wazi. Akaufikia mmea wenye kidonda, akapiga mbili za mwisho, akatoka.

Walimpokea kwa vilio. Mikono yake ilikuwa imeganda juu ya ule mzigo, ikabidi wamfungue kidole kimoja kimoja. Alipofunguka hakuwaangalia. Alichukua fungu la vikonyo, akamwendea Qambar, akampiga nalo begani. Akampiga tena, na tena, mpaka vikonyo vikavunjika vyote na maji machachu yakamrukia usoni. Qambar hakukwepa. Halafu Bakhtawar akamshika mkono wa joho lake, akalia kama mtoto, na wote wawili wakaketi chini.

Wanaume walipanda saa sita, mkuu wa kijiji mbele. Hawakufoka sana. Ingekuwa nafuu kama wangefoka. Mkuu alisema mawe yarudishwe leo leo, kabla kijiji kingine hakijapita, na akamuuliza Qambar mstari ulipita wapi hasa.

Qambar alieleza. Alianza na mwamba, akaja kwenye ukuta wa baba yake, akasita. Alidhani siku ya kwanza alianzia karibu na korongo, lakini akakumbuka kwamba siku ya tatu alihesabu nyayo zisizolingana na hilo. Alieleza tena, ikawa mahali pengine. Wanaume wakatazamana. Mmoja akasema, wala si kwa ubaya, "Alikuwa anapapasa, jamani. Mtamuuliza nini?"

"Nipeni Zewar," alisema Qambar.

Zewar akachukua jiwe la kwanza kifuani. Qambar akaweka mkono begani kwa mkwewe, mbele ya watu wote, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, wakaanza kutembea kuukata mteremko. Nyuma yao wanaume walibeba mengine.

"Hapa, Baba?"

"Shusha."

Alimaanisha mstari, si jiwe. Wakashuka hatua kumi.

"Hapa?"

"Unaweza kuniapia kwamba hapa ni salama?"

"Siwezi."

"Mimi pia siwezi. Shusha."

Wakafika kwenye rundo la kwanza, lile la juu kabisa. Zewar alisimama bila kuambiwa. Alijua marundo yale yalikuwa chakula chao cha masika na pesa yao ya unga wa majira ya baridi. Alijua pia kwamba yalikuwa uhai wa mzee huyu. Ndani ya kila rundo vikonyo vilikuwa vimefika urefu wa kuvunwa.

"Baba, hapa vijana walisafisha. Wewe mwenyewe ulikuwepo ukaona."

"Nimesema mara nyingi mno kwamba hapa hawakumaliza, hata mimi sijui tena lipi niliona na lipi nilitunga," alisema Qambar. "Shusha."

Walipita marundo kumi, wakapita ishirini. Mwishowe miguu ya Qambar ikaijua ardhi ngumu ya njia ya kijiji, akasimama.

"Marundo yote yako juu yetu sasa," alisema Zewar. Alikuwa analia na hakuficha.

"Liweke. Nyekundu itazame juu."

Aliliweka. Qambar akainama, akapapasa jiwe mpaka akauona kwa vidole ule utelezi wa rangi, akalisukuma kidogo likae sawa. Akajifuta mikono kwenye joho.

"Haya, lete la pili," alisema. "Tukimaliza, mtumie Iwaz salamu. Mwambie aje anichukue."